Kutoka Kayanga hadi katikati ya Dar kwa basi na SGR

Kagera hatuna reli. Hata hivyo, tangu SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, mimi napanda basi Kayanga, nashukia Dodoma, namalizia kwa treni. Wenzangu wa Nkwenda na Murongo wataanza kwa haisi hadi Omurushaka. Baada ya hapo safari ni moja.

Kwanza jiulize unafikia wapi. Kama mwenyeji wako yuko Mbezi au Kibamba, tulia kwenye basi, litakushusha karibu naye. Ila ukienda Kariakoo, Muhimbili au kupanda boti ya Zanzibar, treni ndiyo yako: inaingia hadi katikati ya jiji, na foleni ya Kimara huioni. Wa Gongo la Mboto washukie Pugu.

Basi likitoka Kayanga alfajiri, likapita Biharamulo, Kahama, Nzega na Singida, Dodoma unaingia usiku. Usipange treni ya siku hiyo hiyo. Tafuta gesti, oga, lala, uondoke asubuhi. Tiketi ikate kwa simu siku kadhaa kabla, hasa ukisafiri Ijumaa au karibu na sikukuu, na jina liandikwe vilevile lilivyo kwenye kitambulisho. Stesheni fika mapema, maana mizigo inapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Treni ya kawaida ilianza kwa nauli ya shilingi 31,000 na husimama vituo vingi; mwenye haraka atafute ya moja kwa moja.

Mkungu wa ndizi na gunia la maharage usihangaike navyo stesheni. Viache viendelee na basi lile lile, umpe kondakta namba ya mpokeaji. Kahawa ya kutafuna inaingia kwenye begi.

Omba siti ya dirishani. Mnapokaribia Kilosa milima inasogea, treni inazama kwenye handaki, giza, mwanga, giza tena. Mahandaki ni manne. Kwenye tambarare mwendo unafika kilometa 160 kwa saa na chai kwenye kikombe haimwagiki. Sisi tuliozoea kona za Kyaka tunaisikia tofauti hiyo mwilini.

Wakati wa kurudi, usishuke Dodoma ukitegemea kubahatisha basi. Mengi yanapita yamejaa kutoka Dar. Mpigie wakala mapema, akukatie siti ya kupandia Dodoma, na umuulize basi litasimama wapi.