Kabla ya Kununua Oska, Piga Hesabu ya Maji

Wenzangu wanaotaka kufuga samaki geto huniuliza sana swali moja: "Hivi oska anakula nini?" Ni swali zuri, ila siyo la kwanza. La kwanza ni hili: utampa lita ngapi za maji, na utayabadilisha kila baada ya siku ngapi? Ukilijibu hilo vizuri, mengine yanafuata. Ukilikosea, hakuna dawa ya dukani itakayokuokoa.

Oska, kwa jina la kisayansi Astronotus ocellatus, asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini. Ni ndugu wa mbali wa sato na perege tunaowala kantini, na wa kuhe wa Ziwa Tanganyika. Wote ni wa familia ya Cichlidae. Dukani mara nyingi utamkuta ana sentimita 5 hivi, ametulia kwenye mfuko wa plastiki utadhani hana habari na dunia. Akilishwa vizuri, ndani ya mwaka mmoja anaweza kufika sentimita 25, na akikomaa anafika 30 na kuzidi. Anaweza kuishi miaka 10 au zaidi. Shahada yako ni miaka mitatu au minne. Hapo tayari kuna la kufikiria.

Hesabu ya mwili

Mtaani kuna kanuni inayosema kila sentimita ya samaki ipewe lita moja au mbili za maji. Kwa samaki wadogo inasaidia kidogo. Kwa oska inadanganya. Mwili una urefu, upana na kimo, na vyote vinakua pamoja. Urefu ukiongezeka mara 2, uzito unaongezeka takriban mara 8. Kutoka sentimita 5 hadi 30 ni mara 6, na 6 x 6 x 6 ni 216. Maana yake, oska wako mmoja aliyekomaa ana uzito wa oska wadogo 216 kama yule uliyembeba siku ya kwanza. Uchafu wake hauongezeki mara 216 kamili, kwa sababu mwili mkubwa hutumia nguvu kidogo kwa kila gramu kuliko mwili mdogo, lakini bado unaongezeka makumi ya mara.

Kwa oska mmoja, mimi napendekeza tangi la sentimita 120 kwa 60 kwa 50. Zidisha, utapata lita 360. Ule upana wa 60 siyo mbwembwe: samaki wa sentimita 30 lazima aweze kugeuka bila kukunja mgongo, na huyu ni samaki anayetembea, anachimba changarawe na kusukuma mawe. Kumbuka pia kwamba lita 360 ni kilo 360 za maji, bado kioo na meza. Meza ya kusomea haibebi mzigo huo.

Utasikia watu wanasema, "Usijali, samaki hukua kulingana na tangi." Siyo kweli. Kinachotokea ni kwamba maji yanachafuka, samaki anadumaa, na mara nyingi anakufa kabla ya wakati wake. Kudumaa siyo kuzoea mazingira. Ni ugonjwa.

Uchafu usioonekana

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Maji yanaweza kuwa meupe kama ya chupa na bado yakawa sumu. Wanaomwokoa samaki ni bakteria wanaoishi juu ya sponji na mawe ya chujio: kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Huu ndio mzunguko wa nitrojeni tuliosoma sekondari, sasa uko sebuleni.

Bakteria hawa wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye tangi jipya. Kwa hiyo tangi na chujio vinatangulia, samaki anafuata. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la mtu ambalo limekaa muda mrefu na samaki wake ni wazima, utafupisha safari hiyo. Na siku ya kuosha chujio, tumia maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe. Maji ya bomba yenye klorini yanaua bakteria wako.

Hesabu ya ndoo

Chujio haliondoi naitreti. Hiyo unaitoa wewe kwa ndoo. Tuseme kwenye tangi lako inapanda miligramu 20 kwa lita kila wiki. Ukibadilisha nusu ya maji kila wiki, wiki zikipita kiwango cha juu kitatulia kwenye 40: nusu inatoka, inabaki 20, inaongezeka 20 nyingine. Ukibadilisha robo tu, kitapanda taratibu mpaka 80. Samaki ni yule yule na chakula ni kile kile. Tofauti ni ndoo. Mimi nalenga kubaki chini ya 40.

Nusu ya lita 360 ni lita 180, yaani ndoo 9 za lita 20, kila wiki, hata wiki ya UE. Kama hosteli yenu maji yanatoka kwa kubahatisha, hapa ndipo pa kuamua kwa ukweli. Maji ya bomba yawekee dawa ya kuondoa klorini kwanza, na joto lake lisipishane sana na la tangi. Oska anapenda nyuzijoto 24 hadi 28. Dar es Salaam kwa kawaida huhitaji kipasha maji. Mbeya au Iringa, utakihitaji.

Umeme ukikatika

Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Kwenye nyuzijoto 25, lita moja hubeba takriban miligramu 8.3, kwenye 30 hubeba kama 7.5. Samaki mkubwa anaimaliza haraka, na bakteria wa chujio nao wanapumua. Kwa hiyo umeme ukikatika, acha kulisha. Washa pampu ndogo ya hewa ya betri. Kama huna, chota maji ya tangi kwa jagi na uyamwage kutoka juu, rudia mara kwa mara. Chujio la kopo lililofungwa likikaa saa nyingi bila umeme, lifungue na ulisuuze kabla ya kuliwasha, la sivyo litamwaga uozo wote kwa samaki.

Chakula na dalili

Sasa turudi kwenye lile swali lenu. Mpe chakula cha punje kilichotengenezwa kwa samaki wa aina hii, na mara moja moja kamba au minyoo. Nyama ya ng'ombe si chakula chake cha kila siku. Mafuta yake hayamfai. Samaki wadogo hai wa kumrushia humletea magonjwa. Oska akikuona atakuja kuomba hata kama ameshiba; usimwonee huruma.

Akihema juu ya maji, pima amonia na naitraiti mara moja, kisha badilisha maji. Vishimo vikianza kichwani, mara nyingi kuna maji machafu na lishe mbovu nyuma yake. Anza hapo kabla ya kukimbilia dawa. Ila akilala ubavu baada ya kuhamishiwa mawe yake, usipige kelele. Oska hununa.

Ukimaliza chuo

Usije ukamwachia mtoni au ziwani kwa kumhurumia. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na spishi nyingi za furu zikatoweka. Kusini mwa Florida, Marekani, oska waliotoka kwenye mikono ya watu sasa wanazaliana wenyewe kwenye mifereji. Tafuta mtu atakayemchukua kabla hujamnunua, siyo wiki ya kukabidhi funguo.

Kama ndoo 9 huziwezi, hakuna aibu. Chukua tangi la lita 60 na samaki wadogo kama gapi. Watakufundisha mzunguko ule ule wa nitrojeni, kwa ndoo moja na nusu kwa wiki, na oska atakusubiri mpaka upate nyumba.