Barua Rasmi ya Malalamiko: Ankara ya Simu Yenye Gharama Zisizotarajiwa

Swali: Nyumbani kwenu mmeletewa ankara ya simu ya mezani ya mwezi Septemba yenye gharama ya simu za nje ya nchi ambazo hakuna aliyezipiga. Kwa niaba ya baba yako, mwandikie barua meneja wa kampuni ya simu.

Mtahiniwa, muundo wa barua rasmi unaufahamu: anwani mbili, tarehe, salamu, kichwa cha barua, kiini, mwisho, sahihi na jina. Sitaurudia. Wengi hupotezea alama kwenye kiini, kwa sababu huandika hasira badala ya hoja. Katika majaribio niliyosahihisha nimekutana na "mmetuibia" mara nyingi kuliko nilivyokutana na tarehe ya simu hata moja. Meneja hawezi kuchunguza hasira yako.

Kabla ya kuandika, isome ankara. Nambari inayoanza na 06 au 07 ni ya simu ya mkononi. Inayoanza na 022 ni ya mezani, Dar es Salaam. 028 ni Mwanza. Ikianza na 000, simu hiyo imevuka mpaka. Kisha tazama saa, na hapa uwe makini sana. Ankara huandika saa kwa mtindo wa kompyuta, unaohesabu kuanzia usiku wa manane. 08:10 si saa nane. Ni saa 2:10 asubuhi. 21:40 ni saa 3:40 usiku.

Kosa hili nililifanya mwenyewe nikiwa kijana. Ankara ya nyumbani ilipanda, nikaona 08:10, nikasoma saa nane mchana, saa ambayo mdogo wangu huwa amerudi kutoka shule na yuko peke yake sebuleni na simu. Nilimwadhibu. Mama ndiye aliyeishika ile karatasi jioni akauliza, "Saa mbili asubuhi huyu si alikuwa darasani?" Niliomba radhi, lakini adhabu ilikuwa imeshapita.

Soma sasa mfano huu wa jibu:

S.L.P. 000,
DODOMA.
4 Oktoba, 2024.

Meneja,
Kampuni ya Simu,
S.L.P. 000,
DODOMA.

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ANKARA YA SIMU YA MWEZI SEPTEMBA, 2024

Kwa niaba ya baba yangu, naomba uchunguzi wa ankara iliyotajwa hapo juu. Ankara inadai shilingi 71,500. Kati ya hizo, shilingi 47,500 ni za simu tatu za nje ya nchi: tarehe 6 (shilingi 9,500), tarehe 13 (shilingi 21,000) na tarehe 20 (shilingi 17,000).

Simu zote zimeandikwa kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi, siku ya Ijumaa. Muda huo wazazi wetu huwa kazini, nasi watoto tuko shuleni. Nyumba hufungwa, na simu imo ndani. Hatujawahi kupiga simu nje ya nchi.

Tunaomba laini yetu ikaguliwe, simu za nje zifungwe wakati wa uchunguzi, na gharama hizo ziondolewe ikithibitika kuwa si zetu. Shilingi 24,000 zilizobaki tunazitambua na tuko tayari kuzilipa.

Wako mtiifu,
(sahihi)
(jina lililotolewa kwenye swali)

Angalia kwamba mwandishi hakusema nani amekosea. Huenda waya umechezewa nje ya nyumba, huenda mitambo imekosea, huenda hata kuna ndugu mwenye ufunguo. Yeye ametoa anachokijua tu. Sentensi ya mwisho kuhusu shilingi 24,000 ndiyo naipenda zaidi: anayekubali deni lake halali husikilizwa anapokataa lisilo lake.

Usiweke "natumaini hujambo". Hiyo ni ya barua ya kirafiki. Pia usianze kwa kutishia kwenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mamlaka hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya watumiaji, lakini mlalamikaji hutakiwa kuanza na kampuni yenyewe. Usiporidhika na majibu, ndipo unakwenda huko na nakala za barua. Kwa hiyo nyumbani, nje ya mtihani, tunza nakala.

Zoezi: Wewe ndiye meneja. Kumbukumbu zako zinaonyesha simu ya nne, tarehe 27 saa 20:05, ambayo mlalamikaji hakuitaja. Ijibu barua hiyo kwa Kumb. Na., ukitaja saa hiyo kwa Kiswahili.