Asili ya Ua

Waridi la mwituni kwa kawaida lina petali tano. La bustani lina nyingi. Za ziada zatoka wapi? Tukilichambua taratibu, twaona katikati vijiti vya chavua vilivyogeuka nusu petali.

Mwaka 1790 Goethe wa Ujerumani aliandika kwamba sehemu za ua ni jani lililogeuzwa. Mwaka 1991 Coen wa Uingereza na Meyerowitz wa Marekani walieleza kwamba makundi matatu ya jeni huamuru kila sehemu iwe nini. Yote yakiharibika, huota majani tu mahali pa ua.

Basi badiliko dogo la urithi huleta ua jipya. Lakini waridi lililojaa petali hupungukiwa chavua. Hutegemea mkono wa mtu kulieneza.