Somo: Kijue King'ora Kabla Hakijalia

Wahenga walinena kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hata hivyo, mbiu humfaa yule aliyekwisha kuijua maana yake. Katika somo hili tunawaalika wananchi wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, hususan vijana, wajizoeze jambo lenye kupendeza na kuokoa maisha: kuvichunguza ving'ora vya tahadhari vilivyosimikwa katika maeneo yao.

Uraibu huu una wapenzi wake Marekani. Mjini Chicago ving'ora hujaribiwa Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa 4:00 asubuhi. Kwingineko, nchini Uholanzi, hujaribiwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa 6:00 mchana. Wapenzi wa ving'ora huingoja siku hiyo, wakasikiliza, wakarekodi sauti na kuchora ramani ya kila mlingoti.

King'ora hufanyaje kazi? Katika king'ora cha zamani, mota huzungusha gurudumu lenye matundu ndani ya kasha lenye matundu. Hewa hukatwakatwa kwa haraka, na kukatwa huko ndiko sauti tunayoisikia. Gurudumu likienda kasi, sauti hupanda. Likipungua kasi, hushuka. Vya kisasa hutumia vipaza sauti na vyaweza hata kutamka maneno.

Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Upepo, kuta na mvua juu ya mabati huidhoofisha zaidi. Ndiyo maana king'ora hukusudiwa hasa kwa aliye nje. Aliyelala ndani huenda asikisikie. Jirani aliyesikia ana wajibu wa kumwamsha.

Jambo hili latuhusu kwa karibu. Mto Manafwa hushuka kutoka Mlima Elgon hadi nyanda za Butaleja. Upande wa Kenya, Mto Nzoia hufurika Budalangi. Mvua kubwa yaweza kunyesha mlimani ilhali anga ya bondeni ni jeupe, na maji yakamfikia mkulima shambani bila yeye kuona wingu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 ulizinduliwa wilayani Butaleja mfumo wa ving'ora vinavyotumia nishati ya jua, ili kuwaonya wakazi kabla mafuriko hayajafika.

Lakini mlingoti peke yake hauokoi mtu. Tarehe 8 Agosti 2023, moto uliuteketeza mji wa Lahaina, kisiwani Maui, Hawaii, na watu wasiopungua 100 walifariki. Ving'ora vya kisiwa hicho havikulizwa. Mkuu wa idara ya dharura alieleza kuwa wakazi wamezoea kukihusisha king'ora na mawimbi ya tsunami, hivyo alihofu wangekimbilia mlimani, uliko moto. Uamuzi huo ulilaumiwa vikali. Funzo letu ni hili: sauti isiyo na maana moja kwa wote haiwezi kutegemewa saa ya hatari.

Anza uchunguzi wako kwa hatua hizi:

1. Mwone mwenyekiti wa LC1, au chifu kwa upande wa Kenya, umweleze nia yako. Uliza iwapo kuna king'ora, nani hukiliza, na hujaribiwa lini.

2. Andika daftarini mahali kilipo, kimeelekea wapi, na hutumia umeme gani.

3. Siku ya majaribio, wagawane wenzako: mmoja sokoni, mmoja shambani, mmoja ndani ya nyumba. Linganisheni nani alisikia na nani hakusikia, kisha mpelekeeni kiongozi matokeo.

4. Uliza maana ya kila mlio: upi ni wa hatari na upi wa usalama. Usikisie.

5. Usipande mlingoti wala kufungua kisanduku. Karibu na kituo cha mpakani, omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Tunasisitiza pia: anayeiba betri au paneli ya king'ora hatendi kosa la wizi tu, bali anakinyamazisha kinywa cha kijiji kizima. Ukimwona mtu akivigusa vifaa hivyo, toa taarifa kwa polisi kupitia 999 au 112. Nambari hizo hutumika Uganda na Kenya.

Maswali ya kujadili nyumbani: Je, king'ora kikilia usiku huu, familia yako itaelekea wapi? Nani atambeba bibi na watoto wachanga? Nani atabisha hodi kwa jirani asiyesikia vizuri? Na mahali pasipo na king'ora, ni ngoma, filimbi au kengele ipi ambayo kijiji kizima kimekubaliana juu yake?

Yajibuni maswali hayo wakati wa kiangazi. Mto ukishajaa, hakuna nafasi ya kufundishana.