Ndege Mbaya: Ni Bundi au Ni Nafsi Zetu?

Katika lugha yetu neno "ndege" lina maana mbili. Ya kwanza ni kiumbe chenye mbawa. Ya pili ni fali, ya heri au ya shari. Ndipo mtu husema kuwa ametokewa na ndege njema au ndege mbaya. Waarabu nao walikuwa vivyo hivyo: kutokana na "tayr", yaani ndege, walipata neno "tiyara", yaani kuitakidi nuhusi. Mwarabu wa zama za ujahili alipotaka kusafiri alimshtua ndege. Akiruka kuliani hushika njia, na akiruka kushotoni hurudi nyumbani. Mataifa mawili, kila moja kwa lugha yake, yalimtwika kiumbe dhaifu mzigo wa mambo yajayo, ilhali yeye hajui hata litakalompata mwenyewe kesho.

Mtume wetu (s.a.w.) alipoikanusha tiyara aliikanusha pamoja nayo "hama". Wanavyuoni wameieleza hama kwa njia zaidi ya moja, na mojawapo iliyo mashuhuri ni ya bundi: Waarabu walidhani kuwa roho ya mtu aliyeuawa hugeuka ndege huyo, akawa analia mpaka alipiziwe kisasi. Basi hukumu ya jambo hili haina haja ya kurefushwa. Lakini ni la kustaajabisha kwamba mtu huisikia hukumu hiyo msikitini, akaikubali, kisha usiku bundi akilia juu ya paa moyo wake humwenda mbio. Kwa nini? Hilo ndilo tunalotaka kulitafuta katika somo hili, kwani ugonjwa usiojulikana asili yake hauponi kwa kukemewa.

Asili yake, kwa kadiri elimu ya nafsi ilivyotufikisha, ni mambo matatu.

La kwanza ni hesabu pungufu. Tukitaka kujua kama kilio cha bundi huleta mauti, yatupasa tuhesabu mafungu manne: usiku aliolia na mtu akafa, usiku aliolia na asife mtu, usiku asiolia na mtu akafa, na usiku asiolia na asife mtu. Sisi hulishika fungu la kwanza peke yake. Hayo matatu hayasimuliwi barazani, kwani nani atakayeamka asubuhi awaambie jirani zake, "Jana bundi alilia na sote tu wazima"? Tena tufikiri: ni nani amsikiaye bundi saa nane za usiku? Ni yule aliye macho. Na aliye macho saa hiyo, mara nyingi, ni yule anayemuuguza mgonjwa. Bundi alilia jana na juzi vilevile, lakini nyumba nzima ilikuwa imelala. Mgonjwa akifa, husemwa kuwa bundi alimwita.

Mwaka 1948 mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alitangaza jaribio alilowafanyia njiwa wanane wenye njaa. Kila njiwa alitiwa tunduni mwake, na chakula kikawa kinaletwa baada ya kila sekunde 15, sawasawa njiwa akifanya lolote au asifanye kitu. Baada ya muda, sita kati yao walikuwa wamejizulia ada. Mmoja akawa anazunguka tunduni, mwingine anasukuma kichwa chake katika pembe ya juu, na wengine wawili wanayumbisha vichwa huku na huku. Kila mmoja alishika lile alilokuwa akilifanya chakula kilipotokea, naye hakujua kuwa chakula kingalikuja hata kama angalisimama kimya. Njiwa tunamsamehe, kwani hakupewa akili ya kupima. Je, sisi tuliopewa?

La pili ni khofu ya kufundishwa. Katika miaka ya 1980 Susan Mineka na wenzake, wa huko huko Marekani, walichunguza kima waliozaliwa na kulelewa mbali na mwitu. Kima hao hawakumwogopa nyoka. Lakini walipowatazama kima wengine wakimwogopa, wao nao wakaanza kumwogopa, na khofu hiyo ikakaa nao. Mwaka 1989 ikaonekana jambo jingine: kima walioonyeshwa picha za mwenzao akiogopa nyoka wa bandia walijifunza khofu ile, lakini walioonyeshwa picha kama hizo akionekana kuogopa maua hawakujifunza. Maana yake ni kuwa nafsi ina udongo ambao baadhi ya khofu huota upesi kuliko nyingine, lakini mbegu hupandwa na anayetazamwa.

Basi mtoto wetu hakuzaliwa akimwogopa bundi. Alimwona mama yake akishtuka, akamwona bibi yake akitupa chumvi motoni, akalisikia jina "babewatoto" likitamkwa kwa sauti ya chini. Khofu aliipokea kwa macho kabla ya kuipokea kwa masikio. Na mwalimu wa chuoni akija baadaye kumwambia kuwa bundi hana nuhusi, anakuta nyumba imekwisha jengwa.

La tatu ni sura ya bundi mwenyewe. Ndege wengi wana macho ubavuni mwa kichwa. Bundi macho yake yako mbele, katika uso wa mviringo, kama wetu. Tunapouona uso uliofanana na wa binadamu, nafsi zetu huutilia nia ya kibinadamu: tunasema anatukodolea macho, anatungojea, ametumwa. Ukweli ni kuwa macho yake hayawezi kuzunguka ndani ya tundu zake, kwa hiyo hana budi kukigeuza kichwa kizima. Anaruka bila kishindo kwa kuwa ncha za manyoya yake zina nyuzi laini zinazoukata upepo polepole, ili panya asimsikie. Yule bundi mweupe hukaa maganjoni na katika mapaa ya nyumba kongwe kwa kuwa humo hupata mahali pa kutagia, wala si kwa kuwa anafuata mashetani.

Na ushahidi kuwa ubaya hauko kwa ndege ni huu: watu wa Athens ya kale walimpiga chapa bundi huyo huyo katika sarafu zao za fedha, wakamfanya alama ya hekima. Wao nao walimzulia, kwani bundi si mwenye hekima kama asivyo mwenye nuhusi. Lakini lau maana ingalikuwa ndani ya ndege, isingaligeuka kwa kuvuka bahari.

Huenda mtu akasema: "Hii ni khofu ndogo, madhara yake ni nini?" Tunajibu kuwa madhara yake ni makubwa, nayo yanakwenda kwa daraja.

Daraja ya kwanza ni kwa bundi. Hupigwa mawe, na kiota chake huchomwa moto. Aulaye panya akitoweka, panya hustarehe katika ghala na majikoni. Kisha tunakwenda kununua sumu, na bundi aliyesalia akimla panya mwenye sumu hufa naye. Huko Malaysia, wenye mashamba makubwa ya michikichi wamekuwa wakiwawekea bundi weupe masanduku ya kutagia ili wawapunguzie panya. Nchi hiyo ina Waislamu wengi kama pwani yetu, na hawakuona kuwa sanduku la bundi limeleta msiba. Na karibu zaidi na sisi, katika msitu wa Arabuko-Sokoke ulio kati ya Kilifi na Malindi, kuna bundi mdogo ambaye urefu wake ni kama shubiri moja tu, naye hula wadudu. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Nje ya msitu huo hukaa pia katika vilima vya Usambara ya Mashariki, Tanzania, naye ni miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Amana kama hii imewekwa mlangoni petu, na wengi wetu hatujui hata kuwa ipo.

Daraja ya pili ni kwa binadamu, nayo ndiyo nzito. Anayeamini kuwa bundi ametumwa hana budi kuuliza: ametumwa na nani? Hapo macho humtoka ndege yakamwangukia jirani, na mara nyingi jirani huyo ni mzee mwenye mvi, mjane, asiye na mtetezi. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wengi wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na habari hizo si siri kwa mtu yeyote katika pwani hii. Hatusemi kuwa bundi ndiye sababu ya kila tuhuma. Nyingine zina tamaa ya shamba ndani yake. Twasema kuwa moyo uliozoezwa kutafuta mtuma-bundi ni moyo uliotengenezwa tayari kwa dhulma hiyo.

Basi tufanye nini? Kwanza, wazazi wazizuie nyuso zao kabla ya ndimi zao. Bundi akilia, mama amwambie mwanawe kwa utulivu, "Huyo anawinda panya," kisha aendelee na kazi yake. Pili, walimu wa vyuoni wawatoe watoto mchana wakatazame chini ya kiota cha bundi. Watakuta vidonge vikavu alivyovitema, na wakivipasua wataona nywele na mifupa ya panya. Mtoto aliyeushika ushahidi huo kwa mkono wake hatatishika upesi. Tatu, anayedai kuwa kilio cha bundi huua, na aandike usiku baada ya usiku kwa mwaka mzima, katika mafungu yale manne, kisha atuletee daftari lake darasani tulisome pamoja.

Qur'ani imetufahamisha, katika Suratul An'am, kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Umma hauhukumiwi kwa dhana. Na mwenye kuizoeza nafsi yake uadilifu kwa ndege wa usiku, itamwia nyepesi kuwa mwadilifu kwa jirani yake wa mchana.

Wabillahi tawfiq.