Uhuru Waanzia Mtaani



Kila mwaka tarehe 9 Desemba ikaribiapo, watoto huuliza nyumbani: "Baba, siku ya Uhuru tutafanya nini?" Swali hili ni jema, wala halifai kujibiwa kwa kutaja bendera na ngoma tu. Leo na tulitazame pamoja, tena tulitazame kutoka mahali padogo: Chang'ombe, kata mojawapo ya Dodoma. Maana taifa ni kubwa, lakini mtu huishi mtaani.

Siku yenyewe

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, bendera ya Mwingereza ilishushwa, ikapandishwa ya Tanganyika. Naye Luteni Alexander Nyirenda akausimamisha mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro. Mambo hayo yafaa kila mtoto ayajue.

Lakini katika nyanda za kati siku hiyo ina jambo lake. Desemba ni mwezi wa kungojea mvua. Miezi mingi ya kiangazi imepita, ardhi imekauka, na mvua zijazo si nyingi. Mkulima achelewaye kupanda huenda akakosa mavuno. Basi sikukuu ya Uhuru humkuta Mgogo jembe mkononi. Kwake sherehe na kazi zimekuja pamoja, wala hawezi kuzitenga.

Tulikotoka

Jina la Chang'ombe latukumbusha ng'ombe, na ng'ombe ndio akiba ya Mgogo tangu zamani. Sasa sikilizeni habari ya njaa ile iitwayo Mtunya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wadachi, na kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka na mifugo ya watu wa Ugogo, yakachukua na wanaume wenye nguvu wawe wapagazi. Kisha mvua zikakosekana. Njaa ikashika nchi hata kufikia mwaka 1920, na watu maelfu wakafa.

Ukame haukuwa mgeni kwa Wagogo. Walijua kuukabili kwa ghala na kwa zizi. Safari hii ghala lilikuwa tupu na zizi limepunguzwa, kwa amri ya watu ambao hawakumwuliza mwenye mali. Hapo pana fundisho letu. Asiye huru si yule afanyaye kazi ngumu, bali ni yule ambaye jasho lake na mali yake huamuliwa na wengine, naye hana neno.

Uhuru na Kazi

Ndiyo maana baada ya Uhuru wito ulikuwa "Uhuru na Kazi". Mwezi wa Januari 1962 Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu ili akakijenge chama na kuzungumza na wananchi. Mwaka huo watu wa vijiji vingi walijitolea kulima barabara, kujenga shule na kuchimba visima. Jembe lilikuwa lile lile, na jua lile lile. Kilichobadilika ni kwamba sasa waliyajenga yao.

Hata katika miaka ya karibuni fikira hiyo imerudi. Mwaka 2015, kipindupindu kilipokuwa kimeenea nchini, Rais Magufuli alifuta sherehe za gwaride, akaagiza siku ya Uhuru iwe ya usafi nchi nzima. Mwaka 2017 sherehe zilifanyika Dodoma katika Uwanja wa Jamhuri. Mwaka 2018 zilifutwa tena, na fedha zake zikaelekezwa katika ujenzi wa Hospitali ya Uhuru, huko huko Dodoma. Twaona basi kwamba sikukuu yaweza kuacha kitu nyuma yake.

Yatupasayo mtaani

Je, tuache kucheza? La hasha! Nchi ya ngoma ya muheme na ya zeze haiwezi kuambiwa inyamaze siku ya furaha yake. Ngoma na ipigwe, watoto wakimbie mbio zao, na wazee waketi mbele wasimulie waliyoyaona. Lakini kabla ya hayo mtaa na ukutane, uchague kazi moja tu iliyo karibu: kuzibua mfereji kabla mvua haijajaza maji nyumbani mwa watu, au kuezeka upya paa la bibi kizee asiye na mwana wa kumsaidia.

Nasema mtaa ukutane, maana hapo ndipo penye mtihani. Agizo likitoka bila kikao, na faini ikatangulia neno jema, watu hufagia huku wamenuna, na kesho taka zimerudi. Tena mchango ukikusanywa nyumba kwa nyumba, hata kwa mama auzaye maandazi, kisha hesabu isisomwe mbele ya watu, hapo Mtunya mdogo umerudi: mali ya mtu imechukuliwa, naye hajui imekwenda wapi. Mwenye kufanya hivyo asijidanganye kwamba ameadhimisha Uhuru, hata kama amepamba uwanja mzima kwa bendera.

Basi, wazazi, mtoto akiuliza swali lake, mjibuni hivi: siku ya Uhuru tutashauriana, tutafanya kazi tuliyoikubali, tutasomewa hesabu, kisha tutacheza. Akikua ameyaona hayo mtaani kwake, hatadanganywa kwa urahisi atakapoyatafuta katika taifa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mtunya ulikuwa nini, nao watufundisha nini juu ya Uhuru?
2. Kazi ya kulazimishwa na kazi ya kukubaliana zatofautianaje?
3. Katika mtaa wetu, ni kazi gani moja ipasayo kufanywa kabla mvua haijanyesha? Nani ataitisha kikao?