Miti Midogo Iliyofunga Mbele ya Nyumba

Ndugu, simama kwa barabara na kutazama nyumba yako. Unaona mulango? Kama miti midogo iliyopandwa zamani kwa uzuri imefunika madirisha, somo hili ni lako. Watu wengi huku Ituri na Kivu walipanda lantana, ile yenye maua madogo ya njano na nyekundu na harufu kali. Wengine walipanda manyara, muti wa kijani usio na majani, unaotoa maziwa meupe. Mwanzo ni ua muzuri. Ukiacha kuikata miaka miwili mitatu, ni pori.

Wengine wanasema pori hili ndilo linalozaa mbu wa malaria. Si hivyo. Mbu anaweka mayai ndani ya maji. Ukikata miti yote na kuacha vidimbwi, malaria itabaki, na chandarua bado ni lazima. Hatari ya pori ni panya na nyoka. Panya wanalala chini ya matawi, usiku wanaingia nyumbani kutafuta mahindi, na nyoka anafuata panya. Tena huku Ituri, upande wa Djugu na Mahagi, ugonjwa wa tauni umejulikana tangu miaka ya 1920, nao unaletwa na viroboto vya panya. Kwa hiyo, ukikuta panya waliokufa bila mutu kuwaua, usianze kazi wala usiwaguse. Kiroboto anaacha panya aliyekufa na kutafuta damu nyingine. Peleka habari kwa kituo cha afya siku ile ile.

Kama hakuna neno hilo, fanya kazi muchana, watoto wakiwa mbali. Vaa viatu vya kufunika muguu. Funga mulango wa nyumba, anzia kwa ukuta na kuendelea kwa barabara, ili wanyama waliomo wakimbie nje. Piga matawi kwa fimbo ndefu, ngojea, piga tena. Nyoka wengi watakwenda. Lakini piri hakimbii. Anabaki palepale, na rangi yake ni kama majani makavu. Basi usitie mukono pahali jicho halijaona. Vuta matawi kwa fimbo yenye ndoano.

Mutu akiumwa na nyoka, usichanje, usifunge kamba, usiweke jiwe jeusi. Najua watu wengi wanaamini jiwe hilo, lakini halivuti sumu. Linapoteza saa tu, na saa ndiyo uzima wa mugonjwa. Ondoa pete na vikuku, funga muguu au mukono kwa kipande cha muti usitikisike, na mumubebe mpaka hospitali. Asitembee.

Maziwa ya manyara yanaunguza macho sana. Yakiingia, osha jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 20, halafu uje hospitali. Na usiwatupie mbuzi matawi ya lantana, kwa sababu majani yake yanaharibu maini yao. Chimba mizizi yake yote. Ukikata juu tu, itachipuka tena.

Sasa panga upya. Wengi wanaanza na maua. Afadhali kuanza na njia. Iwe pana hata watu wawili waliobeba kipoyi bega kwa bega wapite usiku bila kugusa jani. Siku mama anapopata uchungu wa kuzaa, utajua sababu. Karibu na ukuta acha metre 1 wazi. Baadaye panda vitu vifupi: lenga-lenga, vitunguu, na maua pia kama mama wa nyumba anayapenda, mimi sioni ubaya wa maua mafupi. Mboga iliyo karibu na mulango inachumwa kila siku, ile ya shamba la mbali inasahauliwa. Lenga-lenga iliyopikwa na mawese mekundu kidogo inampa mutoto vitamini A, inayolinda macho yake. Papai lililoiva vilevile. Panda mapapai mbali kidogo na nyumba, metre 2 au 3 kati ya muti na muti. Mahindi na matete yakae nyuma kabisa, kwa sababu yanaficha panya kama lantana.

Muti mukubwa wa kivuli usiukate. Punguza matawi ya chini tu. Na kama nyumba iko kwa mulima, usiache udongo mutupu, mvua itauchukua wote. Panda mananasi kwa mistari inayokata muteremuko. Maji ya kuogea yapeleke kwa shina la ndizi, yasisimame.

Maulizo:
1. Kwa nini tunaanza kukata kwa upande wa ukuta?
2. Utafanya nini ukikuta panya waliokufa chini ya ua?
3. Pima njia yako leo: kipoyi kinapita?